Vitabu Vilivyofungwa Katikati ya Sura

Mtani wangu Bi Mwajuma,

Shikamoo. Najua ungekuwa hapa ungeishusha miwani mpaka ncha ya pua, ukaniangalia kama mtu aliyerudisha kitabu kilicholowa, halafu ukasema, "Marahaba, mpagazi. Shusha mzigo useme kilichokuleta." Basi nashusha. Leo mzigo ni mzito kwa sababu nimekasirika, tena kwa kiwango ambacho mtu wa umri wangu, mwenye tumbo hili na presha hii, hashauriwi kukasirika. Mke wangu amenikataza kulitaja jambo hili mezani, anasema ugali unapoa na watoto wanahama. Sasa nimwambie nani? Wewe umelala, huna pa kukimbilia. Nisikilize.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako. Ndiyo, wanasema ni meza yangu siku hizi, lakini droo ya kushoto bado inagoma kufunguka na mimi nimeacha kushindana nayo. Wewe ulikuwa unaigonga mara moja kwa kiwiko inatoka yenyewe. Mimi nimeigonga mpaka kiwiko kimevimba.

Kuhusu yale ya msibani sikuombi radhi, mtani haombi radhi. Babu zangu walibeba mizigo kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, babu zako Wazaramo wakawapokea kwa maji ya kunywa na kejeli, na deni la kejeli hilo tunalipana mpaka leo. Kwa hiyo jeneza lako lilipotokeza nilijilaza kizingitini na suruali yangu nzuri, nikapiga kelele: "Hatoki huyu! Ana kitabu cha maktaba hajakirudisha!" Waliokubeba wakasimama. Shehe akageuza uso akajifanya anakohoa. Mdogo wako Bi Zena, aliyekuwa amelia kutoka Kisarawe mpaka Tabora bila kupumzika, akafuta machozi akanifokea: "Ondoka hapo wewe mpagazi! Dada yangu hajawahi kuchelewesha kitabu tangu azaliwe!" Halafu akacheka. Nilikuwa nangoja kicheko hicho. Nikainuka, nikawapisha, nikazunguka nyuma ya nyumba, na kilichotokea huko wanakijua mbuzi wa jirani peke yao.

Sasa nikupe habari.

Unakumbuka nilivyokuwa uliponikuta? Kijana wa kupanga rafu, niliyedhani kazi ya maktaba ni kuwazuia watu wasichukue vitabu. Ukaja na sanduku lako. Ulimsumbua kila mtu wa reli mpaka wakakubali sanduku la mbao, lenye kufuli na lililojaa vitabu, lipande treni kila juma kwenda Tura, lishushwe pale kituoni watu wa kijijini waazime. Mimi nikawa napokea vinavyorudi, na nilikuja kukushtakia: Bi Mwajuma, hiki kimerudi na mafuta ya kupikia, hiki mtoto amekitafuna kona, na hiki kilichoazimwa na mtu mmoja kimesomwa na ukoo mzima, nina ushahidi wa vidole. Ukakichukua, ukakinusa. "Kina harufu ya moshi wa taa," ukasema. "Kimesomwa. Kipeleke rafuni." Ndiyo mafunzo yote uliyonipa, na yalinitosha kwa miaka mingi.

Tangu uondoke vitabu vipya vya karatasi vimekuwa kama mvua ya mwezi wa saba. Wachapishaji wanachapa vya darasani, tena kwa kujibana. Riwaya na vitabu vya maarifa wanavitoa kwenye simu kwanza, na vingine kwenye simu peke yake. Wala siwalaumu sana kwa hilo. Karatasi ni ghali, njia ya kutoka Dar mpaka huku unaijua, na vijana macho yao yako kwenye vioo. Nilipowapigia wachapishaji fulani kuulizia kitabu ambacho wasomaji wangu walikuwa wanakidai kila siku, nikaambiwa kipo, ninunue tu kwa simu yangu. Nikasema nanunulia maktaba. "Ah, kwa maktaba hatuuzi," dada akasema, kwa sauti tamu, kama anayekuambia chai imekwisha. Kwa hiyo mwenye simu nzuri na salio anasoma. Maskini, ambaye serikali ilimjengea nyumba hii kwa sababu hana simu nzuri wala salio, ndiye asiyeuziwa.

Basi vishikwambi vilipokuja nilifurahi, nisikudanganye. Vilikuja kwa mradi, na hotuba, na maji ya chupa. Kila kimoja kina vitabu vingi kuliko rafu yetu ya ukutani. Na hebu sikia: herufi unazikuza! Mimi niliyekuwa nasoma kwa kunyoosha mkono mpaka ukawa mfupi, nikazikuza herufi zikawa kama bango la duka. Msomaji aliyekaa nyuma yangu akaniomba nisigeuze ukurasa haraka, naye yumo anasoma. Wewe ungekipenda. Ungejifanya hukipendi, halafu ningekukuta umekificha ndani ya mtandio.

Kuna la mhuri pia, acha nikuchekeshe kabla sijakukasirisha. Akaja mkaguzi wa mali, akatazama vishikwambi, akauliza kwa nini havina mhuri. Utaratibu ni utaratibu: kila kitabu cha maktaba kinapigwa mhuri. Nikajaribu kumweleza kuwa vitabu viko ndani, havina pa kupigia. "Mzee Maganga, kisicho na mhuri si chenu," akasema. Nami ni mtii. Nikatoa kile kidau chako cha wino wa zambarau, nikavipiga vyote mgongoni: MALI YA MAKTABA. Kumbe wino haukauki juu ya plastiki. Juma lile zima wasomaji wetu walitembea mjini na maandishi yetu viganjani, yamegeuka nyuma mbele. Msichana mmoja wa sekondari alikwenda sokoni kununua nyanya, mama muuzaji akamshika mkono, akamsoma, akauliza, "Na wewe mwanangu, unarudishwa lini?"

Nilicheka wakati ule. Leo sicheki, kwa sababu yule mkaguzi alikuwa na maana kuliko sisi wote. Mgongoni viliandikwa vyetu. Ndani havikuwa vyetu.

Vishikwambi tuliviweka kwenye sanduku lako, tukavipakia treni, vikaenda Tura. Matatizo yakaanza kidogo kidogo. Kitabu kimoja msomaji mmoja, na kila mmoja ana nywila yake. Mume akiazima, mke hafungui. Kila baada ya muda kishikwambi lazima kiuonje mtandao, kisipouonja kinajifunga, na wewe unajua mtandao wa Tura: unapanda juu ya kichuguu, unainua mkono kama unayeita teksi. Tukavumilia. Watu walikuwa wanakwenda kichuguuni kwa zamu, wanavionjesha, wanarudi kusoma.

Katika wasomaji wa kule yupo Nyamizi. Humjui, alikuja baada yako. Ni fundi cherehani, ana watoto, aliachishwa shule kidato cha tatu kwa sababu ambazo wasichana wengi wa huku huachishwa. Ameamua kuufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana anashona sare za wenzake, jioni anasoma. Ameniambia anautaka ukunga. Hakusema angependa au angetamani, alisema anautaka, kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua kitu chake juu ya kabati. Huu mwaka akikosa, mumewe amesema basi, cherehani inatosha.

Siku moja treni imeingia, mimi napanga magazeti, nikaona mwanamke amesimama mlangoni na kishikwambi kwenye kitenge kama amebeba mtoto mgonjwa. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sijaja kwa heri. Nimekuja kugomba."

Nikamwambia akae basi agombe ameketi. Akakataa, akagomba amesimama. "Nilikuwa kwenye sura ya mzunguko wa damu," akasema. "Nimefika pale damu inaporudi kwenye moyo. Nikaenda kuepua maharage. Narudi, hakuna kitabu! Si ukurasa, kitabu! Nikafungua Historia, hakuna. Jiografia, hakuna. Kimebaki kioo na maneno ya Kiingereza. Jirani akanisomea: muda wa matumizi umekwisha. Muda wa nani, baba? Mimi sijamaliza! Nyinyi mnaazimisha kitabu halafu mnamfuata mtu nyumbani kukichukua na yeye anaepua maharage?"

Bi Mwajuma, na anayeulizwa hayo ni mimi. Mimi, mwenye jibu la kila kitu, niliyewahi kukueleza muda wa kutosha kwa nini nimechelewa kazini mpaka ukachelewa kwenda nyumbani. Nilikiwasha kile kishikwambi, nikaona kweli. Nikawasha vingine vilivyokuwa rafuni. Vyote. Mgongoni mhuri, tumboni hakuna kitu.

Nikapiga simu Dar, kwa kampuni yenye vile vitabu. Kijana akapokea.

"Mzee wangu, tulia," akasema, nami sikuwa nimesema lolote ila jina. "Mkataba wenu umeisha. Mradi haujahuisha."

"Lakini vitabu tulinunua."

"Hamkununua, mzee wangu. Mlilipia kutazama."

"Kutazama?"

"Ee. Kama kingʼamuzi. Kifurushi kikiisha, picha inakata."

Alisema kwa upole kabisa, wala hakuwa mtu mbaya, ni wa kulea. Nilimwambia kuwa nina mtahiniwa hapa damu yake imekwama njiani kurudi kwenye moyo. Akacheka, akadhani ni utani. Nami kwa mara ya kwanza maishani sikuwa natania.

Hapo ndipo hasira iliponikaa, na haijatoka. Kulipia kutazama! Wewe ulinunua kitabu, kikawa chetu. Kikachanika, tukakigundisha. Mwandishi akafa, mchapishaji akafunga duka, kitabu kikabaki palepale kwenye rafu kinamngoja mtoto wa mtoto. Ndiyo maana ya maktaba! Sasa tunaambiwa maktaba ya umma ikae kama mpangaji, itoe kodi, na mwenye nyumba akichoka atoe godoro nje na msomaji akiwa juu yake. Na kodi hiyo inatoka wapi? Kwa mradi. Na mradi ukiisha? Wazungumzaji wanarudi kwao na chupa zao za maji.

Siku ile nilimtafutia Nyamizi kitabu cha Historia cha karatasi, kile chenye jalada la gundi uliyoipaka wewe, akakaa ukumbini akasoma mpaka saa ya treni. Biolojia ya mtaala wa sasa hatukuwa nayo ya karatasi. Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Kalunde.

Unamkumbuka, yule wa Kwihara, aliyenifundisha Biolojia na kunipa alama ambayo sitaitaja hata kwa marehemu. Amestaafu, anafuga nyuki. Kumbe ameandika kitabu cha Biolojia cha kujisomea, cha Kiswahili na Kiingereza pamoja, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukichapa, anakiuza mwenyewe kwenye simu. Nikapanda bodaboda. Wageni wakienda Kwihara huenda kuliona lile tembe la makumbusho. Mimi nilikwenda kumwona mwenye mizinga.

"Mwangaluka, Maganga," akaniamkia Kinyamwezi kutoka kwenye moshi. "Umenenepa."

"Ni upepo wa bodaboda, Mwalimu, umenijaza njiani."

"Hata shuleni majibu yako yalikuwa hivyohivyo."

Nikamweleza haja yangu. Nataka kukinunua kwa ajili ya maktaba, niwe nacho, kikae kwetu. Akavua wavu wa nyuki, akanitazama. Alikuwa na hofu, na ni hofu ya haki, kwa hiyo naiandika. "Kitabu kile kimenila macho," akasema. "Ukishakuwa nacho, mji mzima si utakinakili bure? Mimi nile nini, moshi?"

Nikamwambia hapana. Tunanunua nakala kadhaa. Idadi ya nakala ndiyo idadi ya wasomaji kwa wakati mmoja. Mwingine anangoja zamu, kama tulivyokuwa tunangoja cha karatasi. Msomaji akirudisha, kwake kinafutika, kinakwenda kwa mwingine. Ukitoa toleo jipya, tunakuja tena kununua.

"Na la zamani?"

"Linabaki letu."

"Linabaki lenu, ndiyo! Kwani nikikuuzia debe la karanga nakufuata mpaka jikoni kuangalia unakaanga au unachemsha?"

Bi Mwajuma, nilitaka nimkumbatie lakini nyuki walikuwa bado wamemzunguka. Tukaandikishana palepale, akanipa na asali, akanikumbusha ile alama.

Fundi wa kompyuta hapa mjini akatuwekea kile kitabu kwenye kimashine kidogo, ukubwa wake kama kitafunio cha chai. Hakihitaji mtandao wa mtu. Ukikiwasha, simu na vishikwambi vilivyo karibu vinakiona, vinaazima, vinarudisha. Kinakwenda Tura ndani ya sanduku, kinawashwa kwenye chumba cha abiria kituoni, treni ikirudi kinarudi. Watu wameacha kupanda kichuguu. Nyamizi alikipata siku ya kwanza. Karani wa reli aliniambia kwa simu kwamba Nyamizi alikaa kwenye benchi akasoma hapohapo, treni ikapita na hakuinua uso.

Kwa hiyo usidhani nimekuwa mzee wa kupigana na mashine. Mashine sina ugomvi nayo, inanihudumia macho. Ugomvi wangu ni na karatasi moja, na hiyo iko mbele yangu sasa hivi.

Ni mkataba mpya. Juzi tuliitwa kikao. Mratibu wa mradi amekuja kutoka mjini kwao, kijana mtanashati, shati limenyooka kuliko reli. Anasema fedha zimepatikana, vitabu vitarudi kwenye vishikwambi vyote kabla ya mtihani, nisaini tu. Pia kuna la pili: rafu za karatasi ziondoke, ukumbi uwe kituo cha kidijitali, na vitabu vya zamani viuzwe kwa kilo.

"Kwa nani?" nikauliza.

"Wapo wanunuzi. Wafunga karanga, wafunga vitumbua."

"Mzee Maganga," akaendelea, akiona uso wangu, "dunia imehama."

"Imehama na nani? Mbona Tura bado iko palepale na treni inasimama?"

Wenzangu wakacheka, yeye akatabasamu kidogo, akasogeza kalamu. Nikavaa miwani nikausoma mkataba kwa sauti, neno kwa neno, kama ulivyonifundisha kusoma kitu chochote kinachosogezwa pamoja na kalamu. Nikafika pale wanaposema mwenye vitabu anaweza kufunga, kubadili au kuondoa kitabu chochote, wakati wowote, bila taarifa. Bila taarifa! Hata mwenye nyumba mkorofi kuliko wote wa mtaa wa Ng'ambo anagonga mlango kwanza. Nikaendelea. Chini yake wanasema watakusanya habari za usomaji. Nikauliza maana yake. Mratibu akasema ni kawaida tu, nani anasoma nini, kaishia ukurasa gani, saa ngapi. Kawaida! Nilikumbuka siku ile mzee mmoja wa heshima alipokuja hapa kuuliza mkewe ameazima kitabu gani, na wewe ukamwambia, "Muulize mkeo, kama mnazungumza." Akaondoka na kofia mkononi.

Nikawaambia yangu. Kwamba nitasaini wakiandika kuwa vitabu tunavyolipia ni vyetu, vinakaa kwenye kimashine chetu, vinafanya kazi pasipo mtandao. Wakishindwa hilo kwa vitabu vyote, basi waandike angalau kuwa kitabu kilichoazimwa hakifungwi mpaka msomaji akirudishe mwenyewe. Kwamba habari za msomaji zinaishia kwenye dawati hili. Kwamba waandishi wa huku, kina Mwalimu Kalunde, wanunuliwe moja kwa moja. Na kwamba rafu hazitoki, kwa sababu umeme wa Tabora unajulikana, na kitabu cha karatasi hakijawahi kuniuliza kama nimelipia mwezi huu.

Mratibu akafunga kompyuta yake polepole. "Mzee, huu mkataba haubadilishwi kwa ajili ya maktaba moja. Usiposaini, vishikwambi vinarudi na mradi unakwenda mkoa mwingine. Na ofisi itauliza kwa nini kiongozi wa maktaba anazuia maendeleo. Umebakiza muda gani kustaafu?"

Aliuliza kama mtu anayekujulia hali.

Sasa hapo ndipo ulipo ubishi wangu na nafsi yangu, na ndiyo sababu ya barua. Nikisaini, Nyamizi anazipata Jiografia na Fizikia yake kesho kutwa, labda anaufikia mtihani, labda vinafungwa tena akiwa anaepua maharage. Rafu zinakwenda kufunga karanga. Nisiposaini, vitabu hivyo havipati, na mimi pengine nahamishiwa kuhesabu viti kwenye bohari fulani. Nilidhani nimwulize mwenyewe. Amekuja leo kwa treni, nikamweleza yote bila kupunguza.

Alisikiliza, akatoa sindano iliyokuwa kwenye kola ya blauzi yake, akaichomeka tena. Halafu akasema, "Baba, wakinipa kile cha kufunga na kufungua, nitasoma na jicho moja mlangoni. Siwezi. Kipo hapa cha karatasi cha Jiografia?"

Nikasema kipo, ila ni toleo la zamani, mipaka ya mikoa imebadilika.

"Mikoa nitakuuliza wewe. Mito imebadilika?"

Nikasema mito haijabadilika.

"Basi nipe."

Fizikia ameniambia nimwachie mwalimu mmoja wa seminari aliyejitolea kumfundisha Jumamosi, hapahapa ukumbini. Mwalimu Kalunde naye ameshaniuliza kama maktaba ingenunua kitabu cha Fizikia, maana anamjua anayekiandika. Inaonekana wapo wengi, Bi Mwajuma. Walikuwa wanangoja mtu wa kuwauliza.

Kwa hiyo mkataba nitaurudisha Jumatatu, pamoja na maneno yangu pembeni kwa mwandiko wangu mbaya, na mahali pa saini patupu. Wakikubali, nitasaini kwa mikono miwili. Wakikataa, wavichukue vishikwambi vyao, ila wavifute kwanza mgongoni, visiende mkoa mwingine vinajiita vyetu. Wakinihamisha, nitakwenda kuhesabu viti. Gharama yake naijua. Lakini nimeamua.

Lala, mtani. Dua nimekuombea kwa namna ya kwetu sisi Wamoraviani, na Bi Zena anakuombea kwa namna ya kwenu, kwa hiyo huko uliko una mashahidi wa pande zote mbili. Nitakuja kukupalilia kaburi mvua zikianza, nikusute vizuri ana kwa ana.

Sasa hivi ni Jumamosi jioni, saa ya kufunga imeshapita. Mlinzi amekuja mara mbili kuchezesha funguo. Nyamizi yuko kwenye meza ya dirishani, kidole juu ya mto Malagarasi, anaufuata kuelekea ziwani. Amebakiza kurasa chache sura iishe. Nimemwambia mlinzi akae, anywe chai. Na wewe nakuahidi, Bi Mwajuma, leo na siku yoyote nitakayokuwa na funguo za nyumba hii: siufungi mlango mpaka msomaji amalize.

Mnyamwezi wako,
Maganga